Aliyetaka Eustakia Afutwe

"Wafungie wote kumi na wawili, futa ukurasa, kisha nenda kapike," Agness alisema kwenye simu. "Kazi ya dakika tano hiyo."

Zita Emilian hakuwa mtu wa kazi za dakika tano. Alikuwa koplo wa upelelezi kabla hajavua gwanda na kufungua steshenari pale Biharamulo mjini, na mpaka leo akiona sufuria imefunikwa mkono unamwasha. Alikuwa amekaa nyuma ya mashine ya fotokopi, kompyuta mbele yake, akitazama sentensi moja iliyoandikwa mara kumi na mbili.

*Baki. Mama Eustakia alituzalisha sote, asifutwe.*

"Umewahi kuona watu kumi na wawili wakiandika sentensi moja bila kupishana hata nukta?" Agness akaendelea. "Huyo ni mtu mmoja mwenye kofia kumi na mbili. Nimekagua. Akaunti zote zimefunguliwa alasiri moja, kwa simu moja. Unataka ushahidi gani tena?"

Yeye na Agness, ambaye alikuwa Dodoma na hawakuwahi kuonana uso kwa uso, walikuwa wakabidhi wa Jamvi, kamusi elezo ya mtandaoni ambayo yeyote anaruhusiwa kuandika na yeyote anaruhusiwa kusahihisha cha mwenzake. Mkabidhi si bosi. Ni mtu aliyekabidhiwa ufagio: anaweza kufungia akaunti ya mtukutu, anaweza kufuta ukurasa. Ila hafuti kwa kujisikia. Mtu akiona ukurasa haustahili, anaweka ombi. Watu wanajadili wiki nzima, kila mmoja akiandika Baki au Futa pamoja na sababu zake. Mwishoni mkabidhi asiyehusika anasoma yote na kuamua. Kinachopimwa ni hoja. Wingi wa vichwa hausaidii kitu, ingawa kila mwaka kuna watu wanaojaribu kuusaidia.

Ombi la safari hii lilimhusu Eustakia, mkunga wa jadi wa Keza, wilayani Ngara, aliyefariki mwaka uliopita. Mtu aliyejiita Mpita Njia alikuwa ameomba ukurasa wake ufutwe kwa sababu hauna chanzo hata kimoja. Hakuna gazeti, hakuna kitabu, hakuna redio. Maelezo yake yalikuwa mafupi na ya adabu, na Zita aliposoma mahali palipoandikwa kwamba *jirani anayemsifu jirani si shahidi*, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Hapa kuna mtu anayejua kanuni, alijisemea.

"Kwa hao kumi na wawili huenda uko sahihi," alimwambia Agness. "Mimi ananishangaza mwandishi."

"Mwandishi gani?"

"Aliyeuandika ukurasa. Anajiita Mwana wa Keza. Alihangaika nao wiki kadhaa, kila siku anaongeza neno, anarekebisha. Sasa unaombewa kufutwa, naye kimya. Nyumba ya mtu inaungua, hapigi hata kelele?"

"Labda hana bando."

"Miezi yote hii?"

"Basi amechoka. Watu huchoka."

"Halafu tazama historia ya ukurasa," Zita alisema, akisogeza kiti. "Huyu Mpita Njia hakuanza kwa kuomba ufutwe. Alianza kwa kuondoa aya moja, ya tatu. Mhariri wa Mtwara asiyejua lolote akadhani ni uharibifu, akairudisha. Ndipo siku ya pili yake Mpita Njia akaomba ukurasa wote uondoke. Ukurasa una aya sita, zote hazina vyanzo. Mtu anayeumwa na vyanzo angekata zote. Huyu alikata moja."

"Inasemaje?"

"Kwamba Eustakia aliokota mtoto wa kike sokoni Nyakahura, akamlea kama kitinda mimba wake."

Agness alikuwa mwepesi wa kufungia watu, lakini hakuwa mjinga. "Mwana wa Keza na Mpita Njia si mtu mmoja?"

"Chombo chako cha kukagua akaunti kinasemaje?"

"Hakisemi kitu. Mwana wa Keza hajaingia muda mrefu, kumbukumbu za simu yake zimeshafutika. Mpita Njia anatumia simu nyingine, si ile ya wale kumi na wawili. Zita, mjadala unafungwa leo saa kumi na mbili jioni. Na hii ni kamusi elezo, si kesi ya mauaji."

"Ndiyo maana naenda bila pingu," Zita alisema, akazima mashine ya fotokopi na kuchukua mkoba wake.

Alishuka Nyakahura kabla ya saa sita. Ilikuwa siku ya gulio. Ng'ombe walikuwa wakivushwa barabara kwa matusi, na mahindi yamemwagwa juu ya maturubai mpaka ukingoni mwa lami. Zita alianza na kanuni aliyoizoea tangu polisi, kwamba kabla hujauliza nani amesema, uliza kama kilichosemwa ni kweli. Alipita meza za nyanya akiuliza ni nani mwenye meza ya siku nyingi, akaelekezwa kwa mwanamke mmoja aitwaye Anneth, ambaye meza yake aliirithi kwa mama yake.

"Shikamoo mama," Anneth alisema. "Chagua, za leo hizi."

"Marahaba. Nipimie kisado. Hivi ni kweli kuna mtoto aliwahi kuokotwa hapa sokoni?"

Anneth aliacha kupanga nyanya. "Na wewe?"

"Kwa nini na mimi?"

"Kuna kaka alikuja na pikipiki nyekundu, mwezi uliopita tu, akauliza hilo hilo. Kweli aliokotwa. Nilikuwa darasa la pili, mtoto alikutwa chini ya meza hii hii, amefungwa kwenye kitenge. Watu wakasimama kubishana nani aende kutoa taarifa. Yule mkunga wa Keza akainama akambeba. Akasema taarifa atatoa, lakini kwanza mtoto anyonye. Akapita na meza zote akiuliza nani ananyonyesha, mpaka akampata."

"Huyo kaka alitaka nini hasa?"

"Kujua kama kuna anayemfahamu mama wa yule mtoto. Nikamwambia hakuna. Akauliza, hata ukoo hamkuujua? Nikamwambia kaka, kitenge hakina ukoo."

"Alionekanaje?"

"Kama mtu aliyefiwa. Hakununua hata kitunguu."

Zita alilipia nyanya ambazo hakuzihitaji na kusimama kando ya duka la dawa za mifugo. Moyo ulikuwa ukimdunda kwa raha, akaona aibu kidogo kuifurahia hivyo habari ya mtoto aliyetupwa. Picha ilikuwa imeshajichora yenyewe. Mwanaume wa miaka arobaini na kitu, ana mke sasa, ana jina, pengine ni mzee wa kanisa. Siku moja anafungua simu na kukuta dhambi yake ya zamani imeandikwa kwa watu wote. Anakata aya, inarudi. Anaomba ukurasa wote ufe.

"Nimempata," alimwambia Agness. "Baba wa mtoto."

"Una jina?"

"Nina pikipiki nyekundu."

"Hiyo ni nusu ya wanaume wa Kagera," Agness alisema, akakata simu.

Bodaboda ilimfikisha Keza kwa njia za migombani, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Kumi na wawili wake hawakuwa na shida kupatikana. Akaunti moja ilikuwa imejiita Desderius Katekista, na Keza nzima ilikuwa na katekista mmoja wa jina hilo. Zita alimfahamu pia. Alikuwa amehudhuria mafunzo ya kuandika Jamvi ambayo Zita aliyatoa Biharamulo mwaka juzi, akakaa mbele na kuuliza maswali kuliko wote.

"Mwalimu," Desderius alisema, akimtolea kigoda nje ya nyumba yake. "Umekuja kutuona au umekuja kutufukuza?"

"Nimekuja kuuliza. Kura kumi na mbili, Desderius. Sentensi moja, simu moja. Wenzangu wanasema ni wewe peke yako."

Sura ya katekista ilibadilika. Hakupandisha sauti, alisimama, akaingia ndani, akatoka amevaa shati lake la Jumapili, akaenda kugonga nyumba kwa nyumba. Muda si mrefu uwanja ulikuwa umejaa. Wanawake ndio walikuwa wengi, baadhi na majembe yao, na mbele yao bibi mmoja mfupi aliyeketi bila kungoja kukaribishwa. Jina lake lilikuwa Jovina.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayesema mimi si mtu?"

"Sikusema hivyo bibi. Nasema maandishi yenu yanafanana."

"Yasifanane kwa nini? Siku ya jumuiya tulikutana kwangu. Tulisali kwanza, kisha Desderius akatusomea kwamba kuna mtu anataka Eustakia afutwe. Tukakubaliana asifutwe. Tukakubaliana na maneno. Kila mmoja akashika simu akaandika yale tuliyokubaliana."

"Hamkuona kila mmoja aandike yake?"

Walitazamana kama watu walioulizwa kwa nini hawatembei kwa mikono. "Mwalimu," mwanamke mmoja wa nyuma alisema, "jumuiya ikishakubaliana, wewe ukasimama na maneno yako pembeni, si watu watauliza una ugomvi na nani?"

Desderius alieleza yaliyobaki. Simu yenye intaneti siku hiyo ilikuwa moja, yake. Alimfungulia kila mmoja akaunti kwa jina lake. Nywila aliwawekea moja wote, ili mmoja akisahau mwenzake amkumbushe. Zita alisikiliza huku akijizuia kucheka. Miaka yote aliyokaa Jamvi alikuwa amewanasa matapeli waliojigawa watu kumi, kila mtu na tabia yake, kila mtu na makosa yake ya kuandika, wakatoka wanaonekana jamii kamili. Hawa walikuwa jamii kamili wakaonekana tapeli mmoja.

Hata hivyo hakuwaamini kwa sura. Aliwaita mmoja mmoja kando ya ghala, akamuuliza kila mtu swali lile lile: Eustakia alikufanyia nini wewe? Jovina alisema alimgeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni, kwa mikono miwili na mafuta ya samli. Mwingine alisema alimkatalia kumzalisha, akambeba kwenye baiskeli mpaka zahanati, na ndiyo sababu yu hai. Mwingine alisema hakumfanyia lolote, ila alimlilia mwanawe alipokufa kuliko shangazi wa mtoto. Walipofika mwisho Zita alikuwa ameshafuta mashaka yote. Kama wangeyaandika haya, alifikiri, Agness asingethubutu kuwaita kofia.

"Nimewakosea," aliwaambia waliporudi uwanjani. "Hakuna atakayefungiwa. Lakini niwaambie ukweli, kura zenu haziwezi kuuokoa ukurasa. Jamvi linataka chanzo, mtu wa mbali asiyemdai wala kumpenda Eustakia, aliyeandika habari zake."

"Si ulitufundisha mwenyewe?" Desderius alisema kwa unyonge. "Jirani anayemsifu jirani si shahidi. Ndiyo maana nikaleta majirani wengi."

Zita alibaki amemtazama. Sentensi ile aliitunga yeye, siku ya pili ya mafunzo, baada ya chai, na haikuandikwa mahali popote. Asubuhi aliikuta kwenye ombi la Mpita Njia akaisifu kwa busara yake, asijiulize imetoka wapi. Ajuaye harufu ya nyumba yako ni mgeni.

"Desderius, kutoka Keza mlikuja wangapi kwenye mafunzo yale?"

"Wawili. Mimi na Clever."

"Clever ni nani?"

"Mtoto wa kwanza wa marehemu Eustakia. Si ndiye aliyeuandika ule ukurasa? Mimi niliongeza picha tu, na mwaka aliozaliwa."

"Ana pikipiki?"

"Anayo."

"Ya rangi gani?"

"Nyekundu," alisema Jovina, ambaye alikuwa hajaacha kumkazia macho. "Una nini na Clever?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Baba mzinzi na uzee wake wa kanisa waliyeyuka mara moja, na Zita hakuwasikitikia. Lakini swali lililobaki lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Mtu anajenga nyumba kwa mikono yake, kisha anaiwasha moto usiku kwa jina la mgeni. Anaogopa nini ndani yake?

"Bibi," alisema taratibu, "Desderius alipowasomea ukurasa, aliwasomea na habari za mtoto wa Nyakahura?"

"Alisoma yote."

"Hamkushtuka?"

"Tushtuke nini? Eustakia alimleta mtoto jumuiyani wiki ile ile, tukamwombea, tukampa jina Nice. Mimi nilitoa kanga."

"Na Nice mwenyewe anajua?"

Desderius alitazama viatu vyake. "Hilo ni la nyumbani kwao," Jovina alisema mwishowe. "Hatukuwahi kumuuliza. Mtu hamwulizi mtoto wa mwenzake alikotoka."

Clever alikuwa nyuma ya nyumba yake akipunguza majani ya migomba. Alikuwa mwanaume mrefu wa miaka thelathini na kitu. Alipomwona Zita akitokea kwenye kijia, panga lilisimama hewani kidogo kabla hajalishusha.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Mwana wa Keza. Au nikuite Mpita Njia?"

Hakukana. Alichomeka panga kwenye shina na kujifuta jasho kwa mkono wa shati. "Umejuaje?"

"Uliiba sentensi yangu. Kwa nini hukuniandikia tu? Mwandishi akiomba ukurasa wake ufutwe, na ni yeye peke yake aliyeuandika, tunafuta bila mjadala."

"Sikuwa peke yangu. Desderius alikuwa ameweka picha na mwaka. Ningeomba kwa jina langu, angeuliza kwa nini. Jumuiya nzima ingeuliza kwa nini." Alitazama nyumba. Moshi ulikuwa unatoka jikoni. "Niliandika siku za msiba. Nilikuwa sili, silali, naandika. Nilitaka watu wajue mama alikuwa mtu wa namna gani, na kile ndicho kitu kikubwa alichofanya, kuliko yote. Sikufikiria kwamba Nice ana simu kama mimi."

"Hajui?"

"Mama alisema atamwambia akimaliza shule. Akamaliza. Akasema atamwambia akipata mchumba. Mama akafa." Alishika jani la mgomba akalipasua vipande virefu. "Sasa mchumba yupo. Watu wake wanatoka Kirushya, wanakuja Jumamosi. Unajua watauliza nini."

Zita alijua. Hakuna posa inayokwenda mbele kabla koo hazijatajwa pande zote mbili, watu wasije wakaozana ndugu. "Ndiyo maana ulikwenda Nyakahura."

"Nilitaka nipate ukoo, hata wa kubahatisha. Sikupata. Nimepanga kutaja ukoo wa baba yetu." Sauti yake ilishuka. "Mwalimu, kanuni ziko upande wangu. Chanzo hakuna. Wewe bonyeza tu, na mimi nifungie akaunti zote mbili, sitalalamika. Nice asijue."

"Ukurasa utafutwa, Clever. Hata ungekaa kimya, pasipo chanzo usingedumu. Kubonyeza ni kazi ndogo." Zita aliketi juu ya gogo, maana lililofuata hakutaka kulisema akiwa amesimama kama polisi. "Lakini Jovina nitamfutaje?"

"Jovina ana nini?"

"Jovina alitoa kanga siku mtoto alipoletwa. Jumuiya yote ilimwombea. Hukumbuki, ulikuwa mdogo?"

"Nilikuwa bwenini," Clever alisema taratibu. "Niliporudi likizo nikamkuta. Mama akaniambia ni siri."

"Siri kwake. Keza nzima inajua. Wote waliosema Baki walisomewa aya ile neno kwa neno, wakaona ni sifa ya mama yako. Wanadhani Nice aliambiwa siku nyingi. Jumamosi watakuwa hapa uwanjani wakipika, na wageni wa Kirushya watakuwa nao. Unataka kuficha kitu ambacho asiyekijua ni mtu mmoja tu."

Clever alikaa chini pale pale kwenye majani makavu, mtu mzima, akaweka viganja usoni. Zita alimwonea huruma sana, na alijionea hasira pia, kwa sababu alikuwa amekuja mbio kutoka Biharamulo kama anayefukuza mwizi.

"Nitafuta saa kumi na mbili," alisema. "Mpaka wakati huo una nafasi ya kumwambia kwa mdomo wako. Ukishindwa, nitafuta vivyo hivyo. Mimi si wa kumwambia."

Clever aliinuka akaingia jikoni. Zita alikaa huko huko migombani muda mrefu, akiwasikia bila kuyapata maneno. Kwanza sauti ya Clever. Kisha kitu cha bati kikaanguka jikoni. Halafu sauti ya msichana ikiuliza jambo fupi, ikirudia kuuliza lile lile. Agness alituma ujumbe: *Umeamua?* Zita alijibu: *Kumi na wawili ni watu kumi na wawili. Usiguse kitu.*

Walipotoka, Nice alikuwa ametangulia. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mikono bado ina unga wa mhogo, macho mekundu lakini makavu. Alimwamkia Zita, akaitikiwa, akatandika mkeka kwa mgeni kama alivyofundishwa, kisha akabaki amesimama.

"Wewe ndiye unayefuta?"

"Ni mimi."

"Nani wamesoma?"

"Jumuiya yenu. Na wachache wengine nisiowajua."

"Kwa hiyo siku zote nikienda kisimani, nikiimba kwaya, walikuwa wanajua."

"Walikuwa wanajua," Zita alisema. "Na hakuna aliyekutofautisha."

Nice alifikiri hilo. Lilimuuma na kumpoza kwa pamoja, ilionekana usoni. Clever alisimama nyuma yake, mikono imening'inia.

"Nilipoletwa hapa sikuulizwa," Nice alisema. "Nilipoandikwa sikuulizwa. Sasa mnafuta, mmeniuliza?"

Zita aliona aibu ya kweli. Wiki nzima ya mjadala, wahariri kutoka Dodoma mpaka Mtwara, hoja na kanuni, na hakuna hata mmoja aliyemkumbuka mtu wa aya ya tatu. Alitoa simu na kuufungua ukurasa. "Nakuuliza. Pasipo chanzo kanuni inasema ufutwe, lakini kanuni inaweza kungoja. Ukitaka ubaki kwa muda watu watafute vyanzo, nitaongeza siku na kuutetea. Wewe unasemaje, ubaki au ufutwe?"

"Ukifutwa nitaweza kuusoma tena?"

"Hapana. Tutauona wakabidhi tu. Mtu anaweza kuandika mwingine baadaye, akipata chanzo. Ila huu utakuwa umekwenda."

Nice alitazama kijia kinachoelekea Kirushya, ambako kulikuwa na mtu aliyengoja Jumamosi. "Nitawaambia mwenyewe. Kesho, kabla hawajafunga safari. Wakinikataa wanikatae nikiwa nimesimama mbele yao. Sitaki wanisome kwenye simu kwanza." Akafuta unga mikononi kwa kanga. "Ufute. Lakini asome kaka kwanza. Ameandikia dunia nzima, mimi hajanisomea."

Zita alishuka mpaka aya ya tatu, akampa Clever simu. Nice aliketi kwenye mkeka, akakunja miguu upande mmoja, akangoja.

"Siku moja ya gulio la Nyakahura," Clever alianza, sauti ikikwama.

"Hapana," Nice alimkatiza. "Anzia pale anapoanza mama."

Clever alirudi juu kabisa ya ukurasa. Akaanza upya, Eustakia alizaliwa Keza, taratibu, na Zita hakutazama saa mpaka alipomaliza.